Kichaka cha Vipepeo wa Bati

"Tangu nizaliwe," alisema Mpambaji, akiwa ameshashiba na kujimwaga kwenye kiti cha mama mkwe wake utadhani nyumba ameijenga yeye, "hakuna ua lililowahi kufia mikononi mwangu. Hata moja."

Tumpe haki yake: hapo hakusema uongo. Miaka yote aliyopamba kumbi za harusi hakuna ua lililomfia, kwa sababu hakuna lililowahi kuwa hai. Yalikuwa ya plastiki matupu. Aliyafunga kwenye nguzo Jumamosi, akayafungua Jumapili, akayaosha kwa sabuni ya unga ndani ya beseni na kuyaanika kwenye kamba kama soksi. Lilikuwepo waridi moja jekundu lililohudhuria harusi nyingi kuliko mpiga picha yeyote mjini, na lilikuwa halijachoka, ila limeanza tu kunuka jasho la watu. Kisha kumbi zikaanza kujipambia zenyewe, kazi ikamkauka, na bwana akahamia kwa wakwe zake pamoja na mke wake, mabegi yake na mdomo wake. Mdomo ndio uliohitaji nafasi kubwa zaidi.

Mama mkwe aliinua macho juu ya miwani. Watu walimwita Mwalimu, kwani alifundisha baiolojia sekondari kwa muda mrefu, na hata leo watu wenye mvi zao wakikutana naye njiani hutoa mikono mfukoni. Akauliza polepole kama la plastiki nalo linahesabika. Jikoni mkewe Mpambaji akaangua kicheko, sufuria ikaanguka, na Mpambaji akajifanya anatafuta kijiti cha meno.

Alipostaafu, Mwalimu alianzisha kitalu nyuma ya nyumba. Si cha waridi wala cha miche ya matunda. Alipanda mimea ya nchi kame, ile ambayo watu wengine huikanyaga wakienda zao: yenye miiba, yenye majani manene kama masikio ya ng'ombe, yenye manyoya, isiyo na majani kabisa. Ilikaa kwenye makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka, chini ya wavu wa kivuli, na kila kopo lilikuwa na kibao chake kidogo. Wateja walikuwepo. Mtu mwenye nyumba kwenye kilima cha mawe, mtu asiye na maji ya bomba, mtu anayetaka kitu cha kupanda kaburini ambacho hatalazimika kukifuata na ndoo kila wiki, wote walikuja kwa Mwalimu.

Sasa magoti ya Mwalimu yalikuwa yamekwisha. Akiinama, kuinuka ni mpaka ashikwe mkono. Alikuwa ametangaza kwamba mwaka huu atamkabidhi mtu kitalu, na ufunguo wa geti alikuwa ameuvaa shingoni kwa uzi, nao Mpambaji aliutazama kila siku kama paka anavyotazama dirisha la bucha. Mimea yenyewe hakuwa na haja nayo. Aliiona kama wageni waalikwa waliokuja na nguo za kazini. Alichotaka ni uwanja. Kichwani mwake alishaung'oa wavu, akamwaga zege, akatundika taa za rangi rangi na kuweka chemchemi ya plastiki katikati. Ukumbi wake mwenyewe! Mkewe angetoka kwenye chumba kile cha uani walichobanana na mabegi, naye angeacha kuitwa "yule aliyehamia kwa wakwe".

Karibu na geti, mahali ambapo mgeni angeona kwanza, kilisimama kichaka. Kilifika kiunoni, rangi yake kijivu, matawi yake makavu makavu kama mikono ya mtu aliyetoka kufua, na chini yake palilala tabaka la majani yaliyokufa ambalo halikufagiliwa kamwe. Hapo ndipo walipoishi vipepeo wa bati. Vipepeo wenyewe ni wadogo, kama ukucha wa kidole gumba, rangi ya kutu na moshi, lakini mabawani wana vidoa vinavyong'aa, utasema fundi bati alikung'uta risasi yake ya kulehemu ingali ya moto, ikawarukia. Hawapepei kwa madaha. Wanaruka kwa kushtuka, wanatua, wanatandaza mabawa, wanageuka kushoto, kulia, kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni. Mwalimu alikuwa akivuta stuli na kuwatazama asubuhi nzima. Mpambaji aliwatazama mara moja tu. Alisema amewahi kuona kipande cha mfuko wa saruji kikipeperuka kwa heshima zaidi ya hiyo.

Binti mkubwa wa Mwalimu alipojifungua, mbali huko anakoishi, Mwalimu akafunga safari kwenda kumuuguza. Kabla ya kuondoka alimshika mkwewe mkono akampeleka mpaka kwenye kichaka.

"Humu ndani ukiharibu kingine chochote, nitapanda upya," alimwambia. "Hiki hapana. Usikimwagilie maji. Usikipogoe. Na haya majani makavu chini yake usiyaguse, kwa ufagio wala kwa mguu. Nikirudi nikakuta vipepeo wangu wako salama, ufunguo huu utauvaa wewe."

Akamweleza na sababu, maana mwalimu ni mwalimu hata akiwa na begi mkononi. Kiwavi wa kipepeo huyu mchana hujificha. Huchukua majani yaliyokauka, akayashona kwa uzi wake mwenyewe, akajifunika humo kama mgonjwa wa homa ndani ya blanketi. Jioni ndipo hutoka kupanda juu kula, na hula majani ya kichaka hiki tu. Mpe jani la mti mwingine, hata liwe laini kama hariri, atalizunguka, ataliacha, na atakufa kwa njaa akiwa amelikalia. Kiangazi kichaka hujifanya maiti ili kisife; kikilazimishwa maji, mizizi huoza. Mpambaji alitikisa kichwa kwa kila neno kama mtu anayesikiliza muziki. Katika maelezo yote hayo alisikia neno moja, nalo ni ufunguo.

Mwanzoni alijitahidi, yaani alikaa. Kisha siku moja akaja bibi harusi mtarajiwa na shangazi zake kuangalia mimea ya kuweka mezani. Mpambaji akawapokea kwa maneno matamu na kiti kilichofutwafutwa. Shangazi mmoja, mnene wa sauti, akakielekezea kichaka kidole na kuuliza kama na kuni pia wanauza. Wote wakacheka. Wakanunua vikopo vyao wakaondoka, lakini kicheko kikabaki kimemganda Mpambaji shingoni kama nywele za kinyozi. Akaona si sawa. Yeye aliyewahi kupamba ukumbi wa watu mia tano apate aibu kwa sababu ya kuni za bibi kizee?

Akachukua reki. Alikwangua chini ya kichaka mpaka udongo ukabaki mweupe kama kichwa kilichonyolewa, akakusanya majani yote nyuma ya choo na kuyatia moto. Yakawaka vizuri. Yalilia pa, pa, pa, kama bisi zikikaangwa, naye akadhani ni mbegu.

Mkewe akatoka na povu la sabuni mikononi, akauliza anachoma nini. Akajibiwa uchafu. Akauliza tena, safari hii taratibu zaidi, kama ni uchafu ule alioambiwa asiuguse. Mpambaji akamfafanulia, kwa ule upole wa mtu anayewasemesha wajinga, kwamba Mama amezeeka, na mtu akizeeka takataka zote huziona sayansi. Mkewe akautazama moto, akamtazama yeye, akarudi kwenye beseni lake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mengi ya hayo machache alishayatumia mwaka wa kwanza wa ndoa.

Sasa kichaka kilibaki kimesimama peke yake, uchi. Mpambaji akakihurumia. Hapo ndipo balaa lilipokamilika, maana mtu wa namna yake akiharibu kwa uvivu unaweza kuvumilia, ila akishika bidii, kimbia. Akavuta mpira wa maji. Asubuhi maji, jioni maji, na katikati konzi ya mbolea iliyowekwa kwa ajili ya kabichi za uani. Kichaka kikachipua kidogo, majani mororo yasiyo na akili, naye akamwita mkewe aje aone mkono wa fundi. Alizungukazunguka pale amejishika kiuno, akasema watu wa baiolojia wana tabu ya kukuza mambo, mmea ni mmea, unachotaka ni kunywa.

Haukupita muda, majani yale yakalegea. Gome likaanza kutoka kama karatasi iliyolowa, na pakaanza kunuka soksi. Asubuhi moja Mpambaji akakishika kichaka shinani ili akitikise kidogo, kukipa moyo. Kikang'oka. Hakikuonyesha hata ukaidi. Kilimfuata mkononi, mizizi myeusi inachuruzika, na akabaki amekishika pale getini kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake kwenye foleni.

Na siku ileile, simu. Mwalimu alisema mzazi sasa ana nguvu, mtoto ananyonya vizuri, na yeye kesho atakuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Akauliza kama vipepeo hawajambo. Mpambaji akasema hawajambo, wanamsalimia.

Alipokata simu alimgeukia mkewe na uso ambao mkewe hakuwa ameuona tangu siku ya kuomba posa. Akamsihi. Kuna miche midogo ya kichaka hichohicho kwenye makopo. Je, mmoja haungeweza kukua? Mkewe akamwambia miche ile ina urefu wa kijiko. Je, hakuna mtu mwenye kikubwa, wa kumuuzia? Mkewe akaendelea kupalilia kopo lake.

"Kikubwa kama hicho mji mzima kimebaki kimoja," akasema bila kugeuka. "Kipo kwenye kaburi la fundi saa, kule nyuma karibu na ukuta. Mama ndiye aliyemuuzia mjane wake. Kamuulize fundi saa kama anauza."

Alisema hivyo ili mazungumzo yaishe. Mke mwenye mume mwenye akili angekuwa ameyamaliza kweli.

Kulipopambazuka Mpambaji alikuwa makaburini na koleo, gunia na toroli. Pale pamekauka, mawe matupu, hakuna anayekwenda kupunga upepo. Akalipata kaburi: limesakafiwa vizuri, na kichwani kichaka cha kijivu kimenyooka, majani yake makavu yamejikunja chini kwa amani. Akapiga magoti. Ardhi ilikuwa ngumu kama ngozi ya kisigino, na koleo lilichubua tu. Ikabidi akikumbatie kichaka kwa mikono miwili, aweke paji la uso kwenye matawi na kukivuta kwa mabega, huku akiguna na kukokota pumzi. Alitoa jasho mpaka machoni. Kilipokubali, alikaa chini kidogo kupumua, akafukia shimo kwa mguu nusunusu, na wala hakufikiria kumwambia marehemu samahani. Alichofikiria ni kwamba watu wengine wakifa wanaachiwa vitu vizuri bila sababu.

Nyumbani akakipanda mahali pa kile cha zamani. Kilikuwa kifupi kidogo, lakini aliwahi kumwongezea bibi harusi urefu kwa kuchagua kiti, asingeshindwa na kichaka. Majani makavu aliyazoa chini ya ua wa jirani, akayamwaga na kuyachanganya kwa ustadi wa mtu anayetandaza mauaridi njiani. Wakabaki viwavi. Akaenda kwenye kabichi za uani akachuma wanene, wa kijani, akawapanga juu ya matawi kwa nafasi sawasawa, mmoja huku, mmoja kule, kama taa za jukwaa. Mkewe alitoka na ndoo, akakitazama kichaka kuanzia juu mpaka chini.

Mpambaji akafungua mdomo.

"Sijakuuliza," mkewe akasema, akapita.

Mwalimu akafika na vumbi la safari, akakataa maji, akakataa kiti, akaenda moja kwa moja getini. Akasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa. Akasema kimepungua.

"Kilikukumbuka, Mama," Mpambaji akajibu. "Kimekonda kwa mawazo."

Mwalimu alimwamuru apige magoti, kwa sababu magoti yake mwenyewe hayakunjiki, ainue matawi ya chini moja moja amwoneshe. Mpambaji akapiga magoti, mgongo kwa geti, kichwa ndani ya kichaka. Viwavi wale wa kijani walikuwa tayari wanateremka kwa msururu, wanaondoka zao, maana hata kiwavi ana kiwango chake cha kudanganywa. Mmoja alipita juu ya kiatu cha Mwalimu akielekea upande wa kabichi.

"Hawa ni wa kabichi," Mwalimu akasema.

Mpambaji akasema ndiyo, wale wamekuja tu kutembea, hawajaanza leo, na yeye hakutaka kufukuza wageni wakati mwenye nyumba hayupo. Alisema hayo kwa macho makavu, bila hata kumeza mate. Mwalimu akamtazama kisogo kwa jicho lile ambalo zamani lilikuwa likitafuta nani amenakili kwa nani. Mkono wake ulikuwa umekwenda shingoni kwenye uzi, ukaachia.

Kisha akaona kitu. Kwenye panda ya matawi mawili, ndani kabisa, majani matatu makavu yalikuwa yameungana vibaya, yamevutwa pamoja kwa uzi mwembamba mweupe. Akamwambia Mpambaji asipumue. Akainama kwa tabu, akishikilia bega lake, akalifunua jani moja kwa ukucha. Ndani alilala kiwavi mfupi, mwenye manyoya, wa rangi ya zambarau iliyopauka, amejikunja. Wa bati, yule yule. Mpambaji mwenyewe alishangaa kuliko wote. Alikuwa amewachoma wote wa Mwalimu na sasa, bila kustahili hata kidogo, fundi saa alikuwa amemletea mmoja.

"Yumo," Mwalimu akasema, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, ya msichana labda. "Yumo jamani."

Akalirudisha jani mahali pake. Akakiri, kwa shida, kwamba alipokuwa kwenye basi alikuwa amejiapiza hatakuta kitu; kwamba alimdhania mkwewe kuwa ni mdomo mtupu, na labda amemkosea. Mpambaji, akiwa bado amepiga magoti, akasema yamekwisha, Mama, sisi ni watu wa nyumba moja. Akaongeza kwamba siri ya mimea hii ni kuielewa. Wengi wanaimwagilia maji, alisema, ujinga. Dirishani mkewe alifunga pazia.

Mwalimu akavua ule uzi shingoni.

"Hodi hapa," akaita mtu getini.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mtu mzima, nguo nyeusi, viatu vyenye vumbi jeupe la mawe. Mwalimu akamkaribisha kwa jina la marehemu mumewe, mke wa fundi saa, akamuuliza habari za siku nyingi. Mjane akasema si nzuri. Amekuja kutafuta mche mwingine, hata uwe mdogo, kwa sababu ule wa kaburini umeibiwa. Leo leo. Wameuchomoa na mizizi yake wakaacha shimo. Aliposema shimo, akageuza uso pembeni ajifute machozi.

Ndipo macho yake yakaangukia ule mgongo uliopiga magoti, na lile paji la uso lililozama ndani ya matawi, ambalo sasa lilikuwa halitaki kabisa kutoka.

"Kumbe ni wewe, mwanangu," akasema.

Mjane akasogea, akamwekea mkono begani, akamgeukia Mwalimu na kumweleza kwa upole uliotosha kuua mtu. Asubuhi alipofika makaburini alimwona kijana huyu kwa mbali, amepiga magoti hivihivi kwenye kaburi la mume wake, amekumbatia ule mti, mabega yanamtikisika, anaguna kwa uchungu mpaka unasikia. Akasema moyoni, nani huyu anayemlilia mume wangu kuliko ndugu zake? Hakutaka kumwaibisha. Akarudi nyuma ya ukuta akakaa kwenye jiwe, akamwacha alie mpaka amalize. Alipopata nguvu ya kurudi, kijana hayupo na mti haupo.

"Nilitamani nikuone nikushukuru," akakiambia kile kisogo. "Na nikuulize, baba, wakati unaondoka, hukumwona aliyeuchukua?"

Mwalimu alikitazama kichaka. Akautazama udongo mbichi kwenye shina lake. Akautazama ufunguo uliokuwa unaning'inia baina ya vidole vyake, akaukunja kiganjani, uzi na vyote.

"Mjibu mama, mkwe wangu," akasema. "Inuka umjibu. Na uanze na huyo marehemu, ulikuwa unamlilia nini?"